Mali Bila Daftari: Maisha ya Bwana Thomas MacDonald

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilikutana katika ukumbi wa chakula, na hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa kwamba barabara kuu za mijini zitozwe ushuru wa njia, yaani kila dereva alipe fedha langoni kabla ya kupita. Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kupinga. Nilifurahi sana, maana baba yangu ni dereva wa lori la mchanga, na siku anazopita njia ya kulipia sisi nyumbani tunajua hata bila kuambiwa. Basi nikasimama, nikasema kwa sauti kubwa kwamba barabara ni mali ya watu wote, maskini na tajiri, na kwamba haifai mtu kulipia ardhi ya nchi yake. Wenzangu wakanipigia makofi.

Ndipo akasimama msemaji wa upande wa pili, dada mmoja wa Kidato cha Nne, akaniuliza swali moja tu: hizo fedha za kujenga barabara za bure zitatoka wapi? Nikajibu kwamba zitatoka serikalini. Akauliza tena, na serikali itazipata wapi? Nikanyamaza. Ukumbi mzima ukacheka, na kura zilipohesabiwa tukawa tumeshindwa vibaya.

Kesho yake mwalimu wetu wa Jiografia aliniita, akanieleza kwamba swali lile lilipata kuulizwa huko Marekani, na kwamba alikuwako mtu mmoja aliyetumia karibu miaka 50 ya maisha yake kulijibu. Akanipa jina lake, akaniachia mwenyewe nitafute habari zake. Nimezitafuta, nami sasa nawaletea wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu, haya niliyoyapata.

Thomas Harris MacDonald alizaliwa tarehe 23 Julai 1881 katika mji wa Leadville, jimbo la Colorado, mji wa wachimba madini ulio juu milimani. Alipokuwa angali mtoto mdogo wazazi wake walihamia Montezuma, mji mdogo wa jimbo la Iowa, na huko baba yake akafanya biashara ya mbao na nafaka. Iowa ni nchi ya mashamba, na udongo wake ni mweusi wenye rutuba nyingi. Lakini udongo uliofaa mahindi haukufaa magurudumu. Theluji ilipoyeyuka na mvua kunyesha, barabara za wakati ule ziligeuka kuwa matope matupu. Mkulima aliyekuwa na mahindi tele ghalani hakuweza kuyafikisha stesheni, na mwenye duka hakuweza kumfikishia mkulima bidhaa zake. Mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka hakuhitaji kufundishwa darasani hasara ya njia mbaya, aliishi nayo.

Alipokua aliingia chuo cha jimbo hilo kilichoko mji wa Ames, akasomea uinjinia chini ya mwalimu mashuhuri aliyeitwa Anson Marston. Katika mwaka wake wa mwisho alichunguza barabara za Iowa, akapima jinsi farasi wanavyotumia nguvu kuvuta mzigo katika njia za namna mbalimbali. Ni jambo dogo kulisikia, lakini tangu mwanzo huo tunaona tabia ya mtu huyu. Wengine walisema tu kwamba barabara ni mbaya. Yeye alitaka kujua ubaya huo ni wa kiasi gani, na unamgharimu mkulima nini.

Alimaliza masomo mwaka 1904, na mwaka huo huo serikali ya jimbo ikakipa chuo kile kazi ya kuwa Tume ya Barabara. Kijana MacDonald akaajiriwa kuifanya kazi hiyo. Walakini Tume haikuwa na amri yo yote juu ya wilaya; iliweza kutoa mashauri tu. Fedha nazo zilikuwa chache. Basi akaanza na kile kilichowezekana. Wakati ule palikuwa na chombo rahisi sana cha kutengenezea barabara ya udongo, nacho ni gogo lililopasuliwa katikati, vipande vyake viwili vikaunganishwa sambamba na kukokotwa na farasi juu ya njia mvua ikiisha kunyesha. Gogo lile lilisawazisha matope na kuinua katikati ya njia ili maji yapate kutelemka pembeni. Mkulima aliweza kulitengeneza mwenyewe. Tume ilisafiri huko na huko kuwafundisha watu kulitumia, na barabara nyingi zilipata nafuu kwa gharama ndogo kabisa.

Katika safari hizo ndipo MacDonald alipoona jambo lililomsikitisha kuliko matope. Wilaya za Iowa zilikuwa zikitumia fedha nyingi kwa madaraja na makalvati, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikipotea. Wakuu wengi wa wilaya walinunua madaraja bila kuwa na mchoro wo wote wa kulinganisha. Makampuni ya madaraja nayo yalikuwa na mtindo wa kukutana kwa siri kabla ya siku ya zabuni, yakapatana ni nani atakayepata kazi ya wilaya ipi. Huyo akaandika bei aliyoitaka, na wengine wakaandika bei za juu zaidi makusudi, ili ionekane kana kwamba palikuwa na mashindano. Hivyo mwananchi alilipa bei kubwa, akapewa daraja dhaifu.

Msomaji ataona kwamba hapa palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupiga kelele kwamba wakuu wa wilaya ni wezi. MacDonald alichagua ya pili. Yeye na wenzake walikwenda kupima madaraja yenyewe, wakaandika vipimo, wakahesabu chuma na zege iliyotumika, wakalinganisha na fedha zilizolipwa. Kisha wakachora michoro ya madaraja imara ya ukubwa mbalimbali, wakaitoa kwa wilaya bila malipo, ili kila wilaya ijue kabla ya zabuni kitu gani inanunua na bei yake inayofaa ni ipi. Mwaka 1913 jimbo lilitunga sheria mpya, Tume ikapewa nguvu: madaraja yajengwe kwa kufuata michoro yake, na mikataba mikubwa ipitiwe nayo kwanza. MacDonald akawa injinia mkuu wa Tume hiyo.

Hata hivyo makampuni hayakukaa kimya. Alikuwako mtu mmoja aliyeitwa Daniel Luten, ambaye alikuwa amejiandikisha serikalini kuwa mvumbuzi wa namna nyingi za kujenga madaraja ya zege. Alidai kwamba ye yote ajengaye daraja la namna hiyo lazima amlipe. Madai yake yalikuwa mapana mno, hata ikawa vigumu kujenga daraja lo lote la zege pasipo kuguswa nayo. Wilaya nyingi ziliona ni heri kulipa kuliko kwenda mahakamani. Tume ya Iowa haikukubali. Marston na MacDonald walikusanya ushahidi kwamba mambo yale yalikuwa yakijulikana na mainjinia kabla ya kuandikishwa. Mwaka 1918 mahakama ilitoa hukumu, na madai ya Luten yakatupwa. Tangu siku hiyo fedha zilizokuwa zikienda kwa madai hayo ziliweza kubaki katika madaraja yenyewe.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu, niliweka kitabu chini nikafikiri. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu atakaye barabara za bure lazima kwanza atafute fedha mpya. Kumbe MacDonald hakuleta Iowa fedha mpya hata senti moja. Alizitafuta zile zilizokwisha kulipwa na wakulima, akaziba matundu zilimokuwa zikivuja. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye alikuja na daftari.

Basi sifa zake zikafika Washington. Mwaka 1916 serikali kuu ya Marekani ilikuwa imetunga sheria ya kuyasaidia majimbo kujenga barabara, ikatenga dola milioni 75 kwa miaka mitano, kila jimbo litoe nusu ya gharama. Katika sheria hiyo palikuwa na sharti moja: barabara itakayojengwa kwa msaada huu isitozwe ushuru wa njia wa aina yo yote. Wamarekani walizijua barabara za kulipia tangu zamani, maana katika karne ya 19 makampuni mengi yalijenga njia na kuweka malango, na wasafiri waliyachukia. Lakini vita vya 1914 hadi 1918 vilikwamisha kazi, na barabara zilizokamilika zilikuwa chache sana. Mwaka 1919 MacDonald aliitwa awe mkuu wa Ofisi ya Barabara za Umma, iliyokuwa chini ya Wizara ya Kilimo. Alikuwa na umri wa karibu miaka 38 alipoingia kazini.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kukataa kutawanya fedha. Kila mbunge alitaka barabara ipite mbele ya watu wake, na kama kila mmoja angepewa kidogo, nchi ingekuwa na vipande elfu visivyoungana. Sheria ya mwaka 1921, aliyoisaidia sana, iliamuru kwamba kila jimbo lichague barabara zisizozidi asilimia 7 ya barabara zake zote, zile zilizo na kazi kubwa zaidi, na msaada wa serikali kuu uende huko tu mpaka zimalizike. Nyingine zingoje. Hili lilihitaji ushupavu, maana mtu anayengojeshwa hafurahi. Lakini MacDonald alijua kwamba mjenzi anayeanza nyumba kumi kwa matofali ya nyumba moja hatalala katika hata moja.

Jambo la pili lilikuwa kutumia vilivyopo. Baada ya vita jeshi lilibaki na maelfu ya malori na mitambo isiyokuwa na kazi. Kwa amri ya Bunge vitu hivyo vikagawiwa majimbo kwa kupitia ofisi yake, vikafanya kazi ya barabara. Hata katika majaribio malori ya vita yalitumika. Huko Illinois, karibu na mji wa Springfield, jimbo lilijenga njia ya vipande vingi, hiki cha zege, hiki cha lami, hiki cha matofali, kimoja chembamba na kingine kinene, kisha malori yenye mizigo yakapitishwa juu yake huku na huku, na mizigo ikaongezwa, mpaka ikajulikana ni kipi kinachovunjika na ni kipi kinachostahimili. Ofisi ya MacDonald nayo ilifanya majaribio yake. Kwa njia hii injinia alipata kujua unene wa kutosha. Barabara nyembamba mno ni hasara, kwa sababu itajengwa mara mbili. Nayo nene kupita kiasi ni hasara vilevile, kwa sababu zege iliyozidi ingejenga maili nyingine.

Jambo la tatu lilikuwa kuzilinda fedha za barabara zisiende kwingine. Mwaka 1919 jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza kutoza kodi ya petroli, na katika muda wa miaka kumi majimbo yote yakafuata. Kodi hii ilikubaliwa na watu kuliko kodi nyingine, kwa kuwa anayetumia barabara sana hununua petroli nyingi, na anayetumia kidogo hununua kidogo. Haihitaji lango wala mkusanyaji wa kukaa njiani usiku na mchana. Lakini shida ya uchumi ya miaka ya 1930 ilipofika, majimbo kadhaa yalianza kuzichukua fedha hizi na kuzitumia kwa mambo mengine. Mwaka 1934 Bunge la Marekani likatunga sheria kwamba jimbo lifanyalo hivyo laweza kupunguziwa msaada wake wa barabara hadi theluthi moja. Sheria hiyo hiyo iliruhusu sehemu ndogo ya fedha, asilimia moja na nusu, itumike katika uchunguzi na mipango.

Fedha hizo ndogo zilizaa jambo kubwa. Watu waliwekwa kando ya barabara nchi nzima kuhesabu magari, na madereva wakaulizwa wametoka wapi na wanakwenda wapi. Watu wengi, hata wakubwa, walikuwa wakidhani kwamba haja ya nchi ni barabara ndefu za kukata bara kutoka bahari hadi bahari. Hesabu zilionyesha vingine. Safari nyingi zilikuwa fupi, na msongamano mkubwa ulikuwa ndani ya miji na kando yake.

Mwaka 1938 Rais Roosevelt alimwita MacDonald, akamwonyesha ramani ya Marekani aliyoichora mistari sita, mitatu ya mashariki hadi magharibi na mitatu ya kaskazini hadi kusini. Bunge nalo likaagiza ichunguzwe kama barabara hizo sita zaweza kujengwa na kujilipia kwa ushuru wa njia. Hapa ndipo swali la yule dada wa Kidato cha Nne lilipoulizwa kwa nchi nzima.

MacDonald na msaidizi wake Herbert Fairbank walileta majibu mwaka 1939. Barabara zile sita zingekuwa na urefu wa maili 14,336, na zingegharimu karibu dola bilioni 2.9. Ushuru wa njia haungerudisha hata asilimia 40 ya gharama. Ni kipande kifupi tu, huko mashariki penye miji mikubwa, ambacho kingeweza kujilipia. Sababu ilikuwa katika daftari zao: msafiri wa masafa marefu ni mmoja kati ya wengi, na wale wengi wa safari fupi wangelikwepa lango na kupita njia za zamani. Badala yake walishauri zijengwe barabara za maili 26,700 zisizolipiwa, zikiwemo zile za kuingia na kupita ndani ya miji, maana huko ndiko haja ilikokuwa. Fairbank alikuwa mwenyeji wa Baltimore, na mji huo ulitumiwa kuwa mfano wa msongamano uliokuwa ukiziba miji.

Lakini sipendi kumsifu mtu mpaka nikafika kusema uongo. Katika jambo moja daftari la MacDonald lilikosea. Tarehe 1 Oktoba 1940 jimbo la Pennsylvania lilifungua barabara kuu ya kulipia, na magari yaliyokuja yalizidi mno hesabu ya ofisi yake. Madereva walikuwa tayari kulipa kwa ajili ya njia nzuri kuliko alivyofikiri. Baada ya vita vya pili majimbo mengine yakajenga barabara za kulipia na zikapata fedha. Basi yule dada hakuwa mjinga, na upande wake haukushinda kwa bahati tu. Njia ya kulipia inaweza kujilipia mahali penye magari mengi. Neno la MacDonald lililosimama ni kwamba nchi nzima haiwezi kujengwa hivyo.

Mwaka 1944 Bunge likakubali mpango wa barabara kuu za maili 40,000, likatenga pia dola milioni 125 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kwa barabara za mijini. Hilo lilikuwa jambo jipya, maana sheria ya mwaka 1916 ilikuwa imeiacha miji karibu yote nje ya msaada. Walakini kwa zile maili 40,000 zenyewe hazikutengwa fedha za peke yake, na mpango ukakaa katika karatasi.

MacDonald alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mfupi, mnene kidogo, asiyependa mizaha kazini, mwenye kuvaa suti na tai wakati wote. Wasaidizi wake walimwita Mkuu. Alifanya kazi chini ya marais saba, wa vyama vyote viwili, tangu Wilson hadi Eisenhower, na wabunge walimwamini kwa sababu hakuja mbele yao bila hesabu. Mwaka 1953, alipokuwa amepita umri wa miaka 70, serikali mpya ilimwondoa kazini. Alioa katibu wake wa miaka mingi, Bi. Caroline Fuller, wakahamia Texas, na huko akaendelea na uchunguzi wa mambo ya usafiri katika chuo kikuu.

Tarehe 29 Juni 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria iliyotoa fedha kwa mpango ule. Maili 41,000 zingejengwa, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Kodi ya petroli iliongezwa kutoka senti 2 hadi senti 3 kwa galoni, na fedha zikawekwa katika Mfuko wa Barabara Kuu ili zisichanganywe na nyingine. Barabara chache za kulipia zilizokwisha kujengwa ziliingizwa katika mpango, lakini sehemu kubwa mno haikuwekewa lango. Mzee MacDonald aliishi akaiona sheria hiyo, akafa tarehe 7 Aprili 1957, akiwa na umri wa miaka 75.

Hadithi yake ingekuwa tamu kama ningeimalizia hapo, lakini lazima niseme na uchungu wake. Barabara hizo zilipoingia mijini zilihitaji ardhi, na mara nyingi ardhi iliyochaguliwa ilikuwa ile ya bei ndogo, yaani mitaa ya maskini, na hasa ya Wamarekani weusi. Mtaa wa Rondo huko St. Paul, Overtown huko Miami na Black Bottom huko Detroit ilikatwa au kufutwa. MacDonald alikuwa ameshauri kwamba wanaoondolewa watafutiwe nyumba kwanza. Shauri hilo halikufuatwa. Hata hivyo yeye pia alikuwa miongoni mwa waliofikiri kwamba barabara itasaidia kuondoa mitaa michakavu, na mitaa hiyo ilikuwa na watu. Ilikuwa mwaka 1970 ndipo sheria ilipotungwa kwamba watu wanaohamishwa kwa kazi za serikali wasaidiwe kwa haki. Kwa hiyo barabara ile haikuwa ya bure kwa kila mtu. Wako waliolipa kwa nyumba zao, na gharama hiyo haikuandikwa katika daftari.

Na Mfuko wenyewe unahitaji kulindwa daima. Kodi ya petroli ya serikali kuu ya Marekani imekaa senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993, hali bei ya zege na kazi imepanda, na tangu mwaka 2008 imebidi Mfuko uongezewe fedha kutoka hazina mara kwa mara. Daftari likifungwa, hata kazi ya mtu hodari huanza kuvuja.

Likizo iliyopita nilimsimulia baba habari hizi tulipokuwa tumekaa nje jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba hata kwetu Tanzania uko Mfuko wa Barabara, na kwamba sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na tozo iliyomo katika kila lita ya petroli na dizeli. Alishangaa, akasema basi miaka yote hii amekuwa akilipia barabara kila anapojaza tangi. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba kulipa hakumwumizi kama kulipa na kukuta shimo lile lile mwezi ujao. Kama angeonyeshwa fedha yake imekwenda wapi, asingenung'unika. Baba yangu hakusoma uinjinia, lakini nadhani Bwana MacDonald angemwelewa mara moja.

Nimemwomba katibu wa chama cha majadiliano airudishe hoja ile muhula ujao, na amekubali. Nitakuwa upande ule ule wa kupinga. Lakini safari hii nikiulizwa fedha zitatoka wapi, sitasema zitatoka serikalini kana kwamba serikali ina kisima. Nitasema kwamba zinatoka kwetu, katika kila lita ya mafuta na kila bidhaa iliyosafirishwa. Kwamba kabla ya kuweka lango jipya tuulize kwanza yale yaliyokwisha kulipwa yamefanya kazi gani. Na kwamba katika hesabu hiyo aandikwe pia mwenye nyumba iliyo njiani. Kama baada ya kuhesabu hivyo fedha bado hazitoshi, hapo yule dada na mimi tutakuwa na jambo la kujadiliana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu